Kasi Namba Kumi

Nyumbani wananiita Chapuchapu. Nakula chapuchapu, naoga chapuchapu, na mama husema hata kuzaliwa nilizaliwa kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono. Mwaka ule nilikuwa darasa la sita, na kila tulipotoka shuleni nilipitia kwenye karakana ya shangazi, dada yake baba, ambaye hutengeneza kadi za mwaliko na mapambo ya karatasi.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja chenye meza mbili na kabati la manila, zile karatasi ngumu, za kila rangi. Kwenye meza ya dirishani ndipo ilipokaa mashine ya kukatia karatasi. Ukiitazama haraka ungedhani ni printa, lakini badala ya wino ina kisu kidogo chenye ncha kama ya kalamu. Unachora picha kwenye kompyuta, unabandika karatasi juu ya mkeka wa plastiki wenye gundi, unabonyeza kitufe, kisha mashine inauvuta mkeka mbele na nyuma huku kisu kikifuata kila mstari uliochora. Kazi yangu ilikuwa kufagia vipande na kubandua karatasi zilizokwisha kukatwa. Hapo pana ujuzi wake: huvuti karatasi, unaukunja mkeka utoke kwenye karatasi. Ukifanya kinyume, ua lako linajiviringa na halinyooki tena.

Wiki hiyo nilikuwa na kazi yangu mwenyewe, na nilijiona mkubwa kama nini! Mwalimu wetu wa darasa la kwanza alikuwa anastaafu. Ndiye aliyetufundisha sote kushika penseli, na kabla yetu alimfundisha shangazi. Ijumaa tungemuaga, na Jumamosi asubuhi angesafiri kwenda kuishi kwa binti yake, mbali sana. Darasa letu liliamua kumpa picha ya karatasi iliyokatwa, kubwa kama kioo kimoja cha dirisha la darasa, na mimi ndiye niliyeichora. Mwalimu amekaa kwenye kiti kidogo, watoto wamemzunguka: mmoja anafungwa kamba za kiatu, mmoja amelala juu ya dawati, mwingine ana kamasi. Nyuma yao kuna mti wenye majani mia mbili na kumi na manne. Niliyahesabu.

Jumatano shangazi alibandika manila nyeupe kwenye mkeka, akachukua boksi la kadi za mteja wake wa mtaa wa pili.

"Anza tu, usinisubiri," aliniambia. "Lakini nisikilize vizuri. Kasi ni namba mbili. Matundu madogo kama haya hayaendeshwi kwa pupa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Sema tena."

"Kasi namba mbili!"

Aliondoka. Nikabonyeza kitufe, mashine ikaanza kuimba taratibu, na kwenye kompyuta pakaandikwa: dakika hamsini na tano. Moyo ulinishuka. Rafiki yangu Mtangazaji, aliyepewa jina hilo kwa sababu habari haikai kinywani mwake, alikuwa anakuja baada ya nusu saa. Nilikuwa nimejigamba kwamba ataikuta picha imekwisha na kuning'inizwa ukutani.

Nikasimamisha mashine. Nikapandisha kasi hadi nne, nikaona haitoshi. Nikaipeleka hadi kumi.

Lo! Mkeka ulikwenda mbele na nyuma mpaka meza ikatetemeka. Kwa dakika mbili nilifurahi kweli. Kisha ncha ya jani moja ikanyanyuka, kisu kikainasa, kikaiburuta, na karatasi ikachanika kutoka kwenye mti hadi usoni kwa mwalimu. Nilipoizima mashine, mwalimu hakuwa na pua.

Nilisikia viatu vya shangazi barazani. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko akili yangu: nikarudisha kasi kwenye namba mbili.

"Imefanya nini?" shangazi aliuliza, ameshika kifua.

"Mashine imechana yenyewe, shangazi. Nilikuwa nimekaa tu."

Akatazama kompyuta. Kasi mbili. Akanitazama mimi, akanivuta akanikumbatia. "Pole, mwanangu. Pole sana. Umehangaika na hayo majani wiki nzima." Pole ile iliniuma kuliko kofi. Nilitaka kusema, lakini Mtangazaji akatokea mlangoni akiuliza kuna nini. Shangazi akamwambia kwamba mashine imeharibika. Mtangazaji hakungoja hata kukaribishwa kiti, akatoka mbio kuieneza habari.

Kesho yake, Alhamisi, nilipofika karakanani nilimkuta fundi wa mashine, baba mnene mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Shangazi alikuwa ameshabadilisha kisu, lakini hakuthubutu kugusa kadi za harusi zilizokuwa zinasubiri kukatwa. Kazi yote ilikuwa imesimama kwa neno langu moja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeshuhudia?" Akainama kuielekea mashine. "Haya, bibie, tuambie unaumwa wapi."

Alifungua, akapuliza vumbi, akakaza, akapaka mafuta. Akakata ua la majaribio, likatoka safi. Akakata jingine dogo zaidi, likatoka safi zaidi. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Huyu mgonjwa ananicheka," alisema mwishowe. "Mzima kuliko mimi! Sasa, ugonjwa unaokuja na kuondoka ndio mbaya kuliko yote. Itabidi niende nayo kwangu niifungue yote. Wiki moja, labda zaidi."

Shangazi akakaa kitini. "Wiki? Basi nimpigie simu baba wa bibi harusi atafute mtu mwingine." Akanigeukia. "Na picha ya mwalimu, mwanangu, ndiyo basi tena. Sitaki kukudanganya."

Fundi alitandika blanketi mezani, akaiweka mashine katikati na kuanza kuifunga. Nilitazama kona ya kwanza ya blanketi ikikunjwa, kisha ya pili. Nilijua wazi kwamba nikinyamaza hakuna atakayegundua maisha yangu yote. Nilijua pia kwamba mwalimu ataondoka mikono mitupu, na shangazi atapoteza mteja, na hakuna kibovu hata kimoja ndani ya lile blanketi.

"Usiifunge," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Fundi, usiifunge! Haina kosa. Ni mimi. Niliongeza kasi."

Fundi alibaki na waya umezungushwa nusu mkononi.

"Ulifikisha ngapi?" shangazi aliuliza.

"Kumi."

"Kumi!" Fundi aliangua kicheko mpaka bisibisi ikamdondoka. "Miaka yote hii ya ufundi, mimi mwenyewe kumi sijawahi kuijaribu! Naiogopa!"

Shangazi hakucheka. "Karatasi si kitu, tunayo nyingine moja," alisema. "Lakini jana nilikupa pole, ukaipokea. Na leo fundi wa watu ameacha kazi zake, anahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwapo. Mashine haina mdomo. Ukiisingizia, itajitetea vipi?"

Nililia, sikatai. Nikamwomba shangazi radhi, nikamwomba na fundi, naye akasema amenisamehe, ila hana hakika kama mashine nayo imenisamehe. Hapo hata shangazi akashindwa, akacheka.

Halafu akafungua kabati, akatoa manila nyeupe ya mwisho. "Ibandike. Kasi?"

"Mbili."

"Na utakaa hapa dakika zote hamsini na tano, unaitazama, mikono mapajani."

Fundi aliondoka, na mara Mtangazaji akaingia. Nilimweleza yote kabla hajauliza. Alishika kichwa. "Wewe! Mimi nimeshatangaza shule nzima kwamba mashine ya shangazi yako ina jini!"

"Sasa?"

"Sasa nitatangaza upya. Nitasema jini lenyewe nimeshalifahamu, liko darasa la sita."

Tulikaa wote watatu kwenye benchi moja. Mwanzoni dakika hazikwenda. Kisha nikaanza kuona vitu ambavyo sikuwahi kuviona: kisu kinavyopunguza mwendo chenyewe kwenye kona, jani linavyozaliwa mstari mmoja kisha wa pili, na vidole vya mwalimu vikitokea kimoja kimoja juu ya kamba za kiatu. Mtangazaji mwenyewe alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mashine iliposimama, tuliugeuza mkeka, tukaukunja polepole, na picha ikabaki mezani nzima. Nilirukaruka mle chumbani mpaka shangazi akanishika bega nisiiangushe.

Ijumaa ukumbi wa shule ulijaa. Mwalimu alipoikunjua picha, akaiinua kuelekea dirishani, na vivuli vya watoto wadogo vikatua kwenye gauni lake. Aliwagusa mmojammoja.

"Huyu aliyelala juu ya dawati ni nani?"

"Ni mimi, mwalimu," alijibu shangazi kutoka nyuma, na ukumbi wote ukacheka.

"Kumbe umeamka!" mwalimu alisema. Kisha akanitazama mimi. "Na hii kazi yote, mjukuu wangu, ulikata siku moja tu bila kukosea?"

Mwalimu mkuu alikuwa ananitazama kwa fahari, na wazazi pia. Ilikuwa rahisi kutikisa kichwa tu na kukubali.

"Hapana, mwalimu. Ya kwanza niliichana kwa pupa, nikaisingizia mashine. Hii ni ya pili."

Watoto wakaanza kuguna. Mwalimu aliinua mkono, na ukumbi ukatulia kama darasa la kwanza. Alinivuta karibu yake, akanishika mkono uleule alioufundisha kushika penseli.

"Nimesahihisha madaftari kwa miaka thelathini na nane," alisema. "Nimeona hesabu zilizopinda, herufi zilizolala chali, na kurasa zilizomwagiwa uji. Yote niliweza kuyasaidia. Daftari moja tu lilinishinda, wanangu, nalo ni lile ambalo mtoto alilificha."