Maganda Yaliyoshiba

Mapipa matatu yalikutwa matupu Jumatatu asubuhi. Kufuli la uzio halikuvunjwa.

Inspekta Sipriani aliinama juu ya pipa la kwanza. Kwa miezi mitatu maganda ya korosho yaliyochomwa yalikuwa yakichuja majitaka ya karakana ya betri kuukuu, nje kidogo ya mji wa Lindi. Yalinasa madini ya risasi kabla maji hayajateremka kwenye bustani za mchicha. Sasa yalibaki masizi tu.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili, afande," alijibu Warda, fundi wa mradi huo wa kuchuja maji. Alisema kwa sauti ndogo. "Wangu na wa mzee Abilahi, mlinzi."

Kwa maneno hayo mzee Abilahi aliwekwa mahabusu.

"Shikamoo, mzee," Sipriani alimsalimu kituoni.

"Marahaba. Afande, nani aibe maganda ya korosho? Kwetu Kilangala hata mbuzi hawayataki!"

Sipriani alirudi karakanani. Nyuma ya uzio aliona alama ya tairi la toroli. Aliifuata hadi kwenye shimo la taka, akaagiza lichimbwe. Maganda yote yalikuwemo.

Mwizi gani anafukia alichoiba?

Alimwita Warda ofisini.

"Wakaguzi wa mazingira walikuwa waje leo?"

"Ndiyo."

"Majibu ya maabara kutoka Dar yamefika?"

"Bado, afande."

"Kwa hiyo mapipa yalikuwa yanafanya kazi?"

"Mwanzoni vizuri sana. Ila yaliposhiba..."

"Yaliposhiba?"

"Ganda likijaa risasi halinasi tena. Maji hupita na risasi yake."

"Kwa macho unaweza kujua?"

"Hapana."

"Kwa kuonja?"

"Hapana."

"Basi ni nani aliyekuambia kuwa yameshiba?"

Warda alivuta mtandio, akajifunika uso.

"Maabara. Walinitumia majibu Jumanne."

"Ukafukia ushahidi."

"Jana, karakana ilipofungwa. Nilitaka wakaguzi wakute wizi, wasikute kosa langu. Nilitakiwa kubadilisha maganda kila mwezi. Sikujua, na nilishawaambia watu hayabadilishwi."

"Kwa nini hukusema hukujua?"

"Siku ya uzinduzi walinipigia makofi, afande. Baba alitoka Nyangamara kuja kuniona. Bi Hamida alinivika khanga mbele ya watu. Niliona aibu."

"Bi Hamida, mke wa Abilahi?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Mumewe amelala chini kwenye saruji kwa sababu yako."

"Nilidhani mtamwachia tu." Machozi yalimtoka. "Afande, naomba niwaambie mimi mwenyewe wale wa bustani. Nisisemewe."

Sipriani hakumfunga pingu.

Bustanini, Bi Hamida alikuwa akifunga mafungu ya mchicha. Alipomwona Warda alitabasamu.

"Mwanangu! Umemleta afande? Mume wangu vipi?"

"Anatoka leo, mama. Hajaiba. Ni mimi." Warda alipiga magoti kwenye tope. "Mama, msiuze huo mchicha. Msiule. Maji yana sumu. Nimelijua hilo tangu Jumanne."

Fungu lilimdondoka Bi Hamida. Alihesabu siku kwa vidole.

"Ijumaa ulikula kwangu," alisema taratibu. "Ukala ugali kwa chumvi. Wajukuu zangu ukawaacha wanasukumana kwenye bakuli la mchicha."