Kikohozi cha Kuazima

Habari ile Victorine aliisikia bombani, akiwa na ndoo mbili na usingizi machoni, na tangu asubuhi hiyo haikumtoka kichwani.

"Bazee banapigwa sindano ya kulala," Mama Hortense, jirani yao, aliwaambia wanawake waliopanga foleni ya maji. "Vita hii, bitanda ni bya baaskari. Muzee akiingia hospitali, harudi tena."

"Nani amekuambia?"

"Kila mutu anajua!"

Ulikuwa mwaka wa 1961. Lubumbashi bado iliitwa Elisabethville, jimbo la Katanga lilikuwa limejitenga na Kongo, na milio ya bunduki ilisikika hata saa za masomo. Victorine, mwenye miaka kumi na mmoja, aliwaogopa askari. Sasa akaanza kuiogopa na sindano.

Nyumbani kwao, katika kambi ya wafanyakazi, nkambo wake Mwansa, mama mzaa baba, alikuwa akikohoa kwa mwezi mzima. Alipokimbia vita kutoka Pweto alikuwa mnene. Sasa kitenge kilimzunguka mara mbili.

"Ni uzee tu," mama alisema kila alipomsikia. "Na hili vumbi."

Tena dispensari ya kambi iliwatibu tu walioandikwa katika kitabu cha kazi cha baba: baba mwenyewe, mama, Victorine na mdogo wake Clovis. Jina la nkambo halikuwamo, na hakuna aliyekwenda kuuliza.

Basi Victorine akakiazima kile kikohozi. Alijikunja mbele ya Ba Lucien, mwuguzi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Alipewa chupa ya dawa, akaificha katika mfuko wa madaftari, akampa nkambo nyuma ya jiko.

"Mutoto, usiniuze kwa baba yako," nkambo alinong'ona akilamba kijiko. "Watanipeleka kwenye ile sindano."

"Siwezi, nkambo. Kunywa."

Lakini kikohozi hakikusikia dawa. Victorine aliporudi mara ya tatu, Ba Lucien alimsikiliza kifua, akakunja uso.

"Kifua iko safi, mademoiselle. Unanichezea?"

"Kinakuja usiku, Ba Lucien."

"Bon. Chukua kopo hili. Kesho ukiamka, kohoa, utemee ndani, ufunike."

Asubuhi Victorine alimshikia nkambo kopo. Katika makohozi mlikuwa na uzi mwekundu wa damu. Nkambo alifunika haraka, lakini mtoto alikuwa ameshauona. Akalipeleka kopo dispensari kama lake.

Baada ya siku mbili Ba Lucien alifika nyumbani mwenyewe, amefunga kitambaa mdomoni.

"Mama, fungasha nguo za Victorine. Makohozi yake yana kifua kikuu. Analazwa leo, mbali na watu."

Mama aliketi chini pale pale alipokuwa. Victorine aliona njia mbili tu. Akinyamaza, atakwenda yeye, na nkambo atakufa bila dawa. Akisema, nkambo atakwenda kwenye sindano ya kulala. Alitazama mkekani, ambapo Clovis alikuwa amelala, ameegemea mgongo wa nkambo kama kila siku.

Clovis akakohoa. Mara moja tu.

"Si mimi!" Victorine alipiga kelele. "Ni makohozi ya nkambo! Dawa zote amekunywa yeye!"

Ba Lucien alimgeukia nkambo. "Dawa ya kikohozi cha mtoto," alisema. "Na ugonjwa unakula mapafu yake."

"Jina lake haliko kitabuni," mama alijibu kwa sauti ndogo.

"Kwa ugonjwa huu hatuangalii kitabu, mama. Tungempokea siku ya kwanza. Mulikuja kuuliza?"

Mama akaanza kufungasha nguo za nkambo.

Nkambo alishika mkeka kwa mikono miwili. "Mi siende!" Victorine alimwahidi kukaa naye mpaka sindano iishe, ndipo akakubali kuinuka.

Huko hospitalini, sindano ilipoingia, nkambo alifumba macho. Victorine akamtikisa bega. "Nkambo! Nkambo!"

Jicho moja likafumbuka. "Kelele ya nini? Inauma, wacha nifumbe macho."

Alichomwa kila siku, miezi na miezi. Clovis alipimwa, akakutwa mzima. Nkambo aliporudi, kitenge kilimzunguka mara moja tu, na sauti yake ikasikika tena mpaka bombani.

Siku hiyo mama alikata katoni ya sabuni iwe ubao.

"Wewe ulidanganya kwa kumpenda," alimwambia Victorine. "Mimi niliona anakonda, nikasema ni uzee. Karibu tuzike watu wawili, yeye na Clovis. Lete kalamu."

Aliandika polepole kwa herufi kubwa, akautundika ubao bombani, mahali Mama Hortense asipoweza kukosa kuuona:

Usiseme "ni uzee tu" kabla mganga wa hospitali hajamwona mzee.
Usimnyweshe mtu dawa aliyopewa mwingine.
Usimdanganye mganga, hata kwa huruma.
Usifiche kikohozi cha zaidi ya wiki tatu, wala damu.
Usiteme mate ovyo.
Usilaze mtoto pamoja na mtu anayekohoa.
Usiamini habari za bombani. Nenda ukaulize.