Sange wa Makalio ya Manjano

Kaeni vizuri. Anayetaka kujikuna, ajikune sasa hivi, maana hadithi hii inataka masikio yote mawili.

Mbeyu ana miaka saba. Nyumba yao iko kando ya msitu, na nyuma ya nyumba kuna majani makavu, majani, majani.

Mbeyu ana marafiki wawili wa kwenye simu. Hajawahi hata kushikana nao mikono, lakini anawajua vizuri mno.

Mmoja ni Wario. Anakaa Marsabit, na ameng'oka meno mawili ya mbele.

Mwingine ni Nekesa. Anakaa Bungoma, na akicheka sana anashikwa na kwikwi.

Mama zao walisoma chuo kimoja. Kila Jumamosi wanapigiana simu ya video. Mama wakimaliza kusalimiana, watoto wanachukua simu, na hapo ndipo kelele huanza.

Jumamosi moja Mbeyu alisema, "Jana nilimwona sange."

"Sange ni nani?" aliuliza Nekesa.

"Ni mnyama. Ni mdogo kuliko sungura. Ana pua ndefu inayochezacheza. Na makalio yake ni ya manjano."

"Ati makalio ya nini?" aliuliza Wario.

"Ya manjano."

Nekesa alicheka, hi hi hi, kwik. "Kwani alikalia rangi?"

"Amezaliwa hivyo," alisema Mbeyu. "Ni vigumu sana kumwona. Hata Baba amemwona mara mbili tu."

"Umemtunga," alisema Wario.

"Umemtunga kabisa," alisema Nekesa. Kwik.

Mbeyu aliumia moyoni. Yeye hasemi uongo. Alitaka wamwone sange kwa macho yao, leo hii, kabla simu haijazimika.

"Basi tumwinde," alisema. "Mimi niko huku msituni. Nyinyi mtakuwa ndani ya simu."

Jamani, wawili wale walivyofurahi. Walisahau kwamba sange ametungwa, wakaanza kugombana papo hapo.

"Tukimkamata ataitwa Wario Mdogo," alisema Wario.

"Ataitwa Nekesa," alisema Nekesa. "Na atalala kitandani kwangu."

"Jumatatu tu. Jumanne anakuja kwangu kwa basi."

"Kwa basi? Na akitapika?"

"Atakaa dirishani."

Sange mwenyewe alikuwa msituni, hana habari.

Mbeyu alikwenda jikoni akachukua tenga kubwa la kuku. Lilikuwa zito. Lilitaka mikono miwili.

"Mbeyu, hilo tenga ni la kuku wangu," alisema Mama.

"Tunaliazima kidogo tu, Mama."

"Tunaliazima, wewe na nani?"

"Mimi na simu."

Mama akatikisa kichwa. "Haya. Lakini chaji imebaki kidogo, mwanangu."

Mbeyu aliegemeza simu kwenye ndoo, uani. Sasa kilichobaki ni chakula cha kumvutia sange. Ala, hapo napo pakawa na vita.

"Mimi najua anachokula," alisema Wario.

"Hujui, mimi ndiye ninayejua," alisema Nekesa.

Na simu ikapata moto.

"Anakunywa maziwa," alisema Wario. "Maziwa ya ngamia. Kila mtu anapenda maziwa ya ngamia."

Kwa kina Mbeyu hakuna ngamia. Kuna mbuzi. Mbeyu akamimina maziwa ya mbuzi kwenye kifuniko cha sufuria, akatia sukari kijiko kimoja ili yanoge.

Wakangoja.

Lap, lap, lap. Nani anakunywa? Ni paka wa jirani. Alikunywa, akajilamba masharubu, akaenda zake.

"Huyo ndiye sange?" aliuliza Wario.

"Huyo ni paka," alisema Mbeyu.

"Mimi najua anachokula," alisema Wario.

"Hujui, mimi ndiye ninayejua," alisema Nekesa.

Na simu ikapata moto.

"Anakula muwa," alisema Nekesa. "Ana pua ndefu kwa sababu ya kufyonza muwa. Hilo liko wazi."

Mbeyu alikuwa na kipande cha muwa. Alikuwa amejiwekea mwenyewe. Alikitazama, akakilamba mara moja, akakiweka chini.

Wakangoja.

Kwacha, kwacha, kwacha. Nani anatafuna? Ni mbuzi, yule yule mwenye maziwa. Alitafuna akamwagamwaga makapi kila mahali.

"Huyo ndiye sange?" aliuliza Nekesa.

"Sange ana ndevu?" aliuliza Mbeyu.

"Mimi nitajuaje? Sijawahi kumwona."

Sasa Mbeyu naye akapandwa na hasira. "Nyinyi nyote hamjui. Sange ni wa huku kwetu. Atakula hamri."

Akaleta hamri moja tamu, yenye iliki. Akaiweka katikati ya ua.

Wakangoja.

Donoa, donoa, donoa. Kuku saba. Hamri ikabaki makombo, na makombo yakatapakaa hadi kwenye majani makavu.

Wario alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti. Kwenye simu ilionekana miguu yake tu.

"Hamri yako imeliwa na kuku," alisema.

"Na maziwa yako yamenywewa na paka," alijibu Mbeyu.

"Na muwa wangu umeliwa na mbuzi," alisema Nekesa, na akajisikia amechekesha sana. Hi hi hi, kwik, kwik.

Mbeyu hakucheka. Alikaa juu ya tenga. Chaji imekaribia kwisha, sange hayupo, na rafiki zake watalala wakijua yeye ni mwongo.

Basi akawa anatazama chini. Na chini kulikuwa na sisimizi.

Mmoja. Wawili. Kumi. Mia. Walifuata sukari ya maziwa. Walifuata makapi ya muwa. Walifuata makombo ya hamri. Walijipanga mstari mrefu, mweusi, kutoka uani mpaka kwenye majani makavu.

Na kule kwenye majani makavu, kitu kikatembea.

Chakaracha.

Mbeyu akainua kichwa.

Chakaracha, chakaracha.

Pua ndefu ikatokeza. Ikacheza kulia. Ikacheza kushoto. Ikanusa sisimizi mmoja, na ulimi ukatoka, tsi, ukamchukua.

Ni sange.

Sange anakula sisimizi!

Mbeyu alisimama polepole. Tenga liko hapa. Simu iko kule, kuku wameisukuma, imetazama ukuta. Tenga linataka mikono miwili. Simu nayo inataka mkono.

Akichukua tenga, atamkamata sange. Akichukua simu, rafiki zake watamwona.

Sange akasogea. Tsi, tsi, tsi.

Mbeyu akaliacha tenga. Akatambaa hadi kwenye ndoo, akachukua simu, akanong'ona, "Nyamazeni. Ameshakuja."

Wario na Nekesa hawajawahi kunyamaza tangu wazaliwe. Waulizeni mama zao. Lakini siku hiyo walinyamaza.

Wario alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Nekesa alijisokomeza leso ya mama yake mdomoni, kwikwi isitoke.

Mbeyu akaigeuza simu taratibu.

Tsi, tsi, alikula sange.

Kimya.

Tsi, tsi.

Kimya.

Kwik.

Sange akashtuka. Akapiga mkia chini, ta ta ta. Akageuka, akaruka, tu tu tu, na makalio yake ya manjano yakang'aa juu ya majani makavu. Akaingia msituni.

Mbeyu alitazama simu.

"Mmemwona?"

"Nimemwona," alisema Wario kwa sauti ndogo. "Nimeona pua. Halafu picha ikaganda."

"Mimi picha iliganda mwanzoni," alisema Nekesa. "Halafu nikaona makalio. Mbeyu, ni ya manjano kweli. Manjano kama ya yai."

"Hakuna makalio," alisema Wario. "Ni pua."

"Hakuna pua. Ni makalio matupu."

"Mbona hukumfunika na tenga?" aliuliza Wario.

"Ningemfunika, msingemwona," alisema Mbeyu.

Wario akafikiri. Nekesa akafikiri.

"Ahsante," alisema Nekesa.

"Ahsante sana," alisema Wario. "Lakini hana makalio."

Pii, ikasema simu, ikazimika.

Jioni Mama alipochaji simu, picha mbili zilikuwa zimefika. Wario alikuwa amemchora sange wake: pua ndefu, macho mawili, miguu minne, na hapo mnyama akaishia. Nekesa alikuwa amemchora wake: makalio makubwa ya manjano, mkia, na miguu minne mingine.

Mbeyu alichukua karatasi moja. Akachora ile mbele aliyochora Wario. Akachora ile nyuma aliyochora Nekesa. Katikati akachora tumbo refu, la kuwaunganisha.

Sange akatoka na miguu minane.

"Huyu akivaa viatu itakuwaje?" aliuliza Mama. Akaipiga picha karatasi, akaituma Marsabit na Bungoma.

Mbeyu alioga, akala, akapanda kitandani. Simu ikalia.

"Miguu imezidi," ilisema sauti ya Wario. "Mimi niliona minne tu."

"Hata mimi niliona minne, lakini ya kwangu ni mizuri zaidi," ilisema sauti ya Nekesa. Kwik.

Waligombania miguu. Waligombania tumbo. Waligombania hata jina, maana sasa Wario alitaka mbele iitwe Wario, naye Nekesa alitaka nyuma iitwe Nekesa.

Lakini hakuna hata mmoja aliyesema Mbeyu amemtunga.

Mbeyu alifurahi mpaka vidole vya miguu vikachezacheza chini ya shuka. Mama akazima taa. Na Mbeyu akalala.