Uso wa Jalada

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, nilikuwa karakanani nakoroga plasta. Natengeneza vinyago vya michezo ya kuigiza. Sikusomea popote, nimejifunza kwa kuharibu.

Akaingia Bibie, miwani ya jua kichwani. Ndivyo wanavyomwita washairi na wachoraji wanaojazana sebuleni kwa baba yake. Alitaka nakala ya uso wake, ipigwe picha, iwe jalada la kitabu chake cha mashairi.

"Mashairi ni ya mpwa wangu," nikamwambia. Sina tabia ya kuzungukazunguka. Mtoto wa dada yangu alikuwa karani wake. Mchana anaandika barua za Bibie, jioni mashairi yake mwenyewe. Tulimzika mwaka jana, pumu ilimuua. Daftari likabaki kwa Bibie. "Weka jina lake."

"Mjomba, acha kununa. Kitabu kinahitaji uso. Yeye hakuwa nao."

Mjomba wa nani? Ningemtimua. Lakini mtu akishafunikwa plasta hawezi kujibu, nami nilitaka anisikilize dakika ishirini tu.

Nikampaka mafuta, nikamwekea mirija puani, nikamfunika. Kisha nikafungua mdomo. Nikamkumbusha jinsi binti wa dada yangu alivyoomba daftari lake akiwa kitandani hospitalini, na yeye alivyojibu limepotea. "Mwizi mkubwa wewe!"

Mirija ikanyamaza.

Nikasogeza kiganja. Hakuna pumzi.

Ikarudi. Nzito. Ina mluzi kifuani.

Niliijua pumzi ile. Bibie hana pumu.

Nikabandua haraka. Alikuwa yeye, mashavu mekundu kwa hasira. "Umemaliza kuropoka?" Akachukua mkoba, akaondoka hata kunawa hakunawa.

Nikageuza kalibu, lile ganda la plasta nililombandua, nione uso ulivyotokea. Bibie alikuwa amefumba mdomo. Ndani ya kalibu mdomo ulikuwa wazi, meno yote yanaonekana. Juu ya jicho la kushoto, kovu. Mpwa wangu alilipata kwenye ngazi zangu, akiwa na miaka sita.

Simu ikalia. Mama yake Bibie, ananong'ona.

"Fundi, binti yangu bado yuko huko?"

"Ameshaondoka, mama."

"Gari lake liko hapa getini. Ameshuka msichana simjui. Ana kovu juu ya jicho. Ananiita mama."

Nyuma yake nikasikia kelele. Sauti ya Bibie kabisa. "Mama, ni mimi! Nifungulie!"

"Fundi... sauti ya mwanangu kaipata wapi?"

"Mfungulie," nikasema.

Hakumfungulia. Walinzi walimfukuza kama mbwa. Hajaonekana tena, na kitabu hakikutoka.

Watu wanasema nimeroga. Waseme. Mimi najua maji na plasta, basi. Kalibu niliivunja kwa nyundo siku hiyohiyo, ila kipande cha jicho lenye kovu mkono ulikataa kukivunja. Plasta hukauka kwa siku mbili. Kipande hiki kina miezi mitatu kabatini, na kila asubuhi gazeti nililokifungia nalikuta limelowa.