Aliyesubiri Nyuma ya Koang

Laini ilikuwa na mtu, na dukani hakukuwa na mtu.

Virginia aliliona jambo hilo asubuhi ya kwanza alipofungua tena chumba chake cha simu pale Hai Malakal, mjini Juba, mwezi wa Januari, baada ya zile wiki za risasi. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya benchi. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimetobolewa. Vibanda viwili vya mbao vilikuwa wazi, simu zake zimekaa mahali pake. Lakini juu ya kila kibanda taa nyekundu ilikuwa inawaka, na kila alipoinua simu, kwenye kioo chake kidogo kulitokea neno moja: SUBIRI.

Alifagia. Akapangusa benchi. Akainua simu tena. SUBIRI.

Virginia alikuwa Mkenya wa Kitale. Alikuja Juba mwaka ule bendera mpya ya Sudan Kusini ilipopandishwa, akakodi chumba, akaweka dishi juu ya paa. Mitandao mingine ilipokatika, laini yake ilifika Nasir, Yei, Kampala, popote. Nyumbani kwake, Munuki, alikuwa na mtoto mmoja tu, Rita, msichana wa miaka kumi na minne. Shule ya Rita ilifungwa siku vita vilipoanza na haikufunguliwa tena. Alishinda peke yake, mlango wa chuma umefungwa komeo kwa ndani, na mama yake alikuwa amempa sheria moja: asimfungulie mtu yeyote mpaka asikie sauti ya mama.

Aliyeitengeneza ile laini alikuwa Semei, Mganda wa Mbale, kijana mpole aliyesomea kompyuta Kampala. Virginia alimwita, akaja na boda, akakaa mbele ya mashine huku akimweleza tena jambo alilowahi kumweleza zamani. Dishi lilibeba maongezi ya mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Ili watu wawili wasiingiliane, ndani ya kompyuta aliweka kitu kinachoitwa semafo. Semafo ni namba tu. Ikiwa moja, nafasi ipo. Ikiwa sifuri, kuna mtu ndani. Simu ikitaka kuongea inapiga hodi. Ikikuta moja inaichukua, namba inakuwa sifuri, inaingia. Ikikuta sifuri inalala pale mlangoni, mpaka aliye ndani aseme kwaheri na kuirudisha ile moja. Hodi na kwaheri yalikuwa maneno ya Semei mwenyewe. Ndivyo alivyoyaandika kwenye programu.

Siku ile ya risasi, aliyekuwa akiongea ni Koang, kijana Mnuer aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na alikuwa akimpigia mama yake Nasir. Watu wote walikimbia. Semei, aliyekuwepo siku hiyo, aliiua programu ya simu ya Koang kwa nguvu kabla na yeye hajakimbia, na simu ikafa bila kusema kwaheri.

"Programu imekufa lakini namba imebaki," Semei alisema. "Hii kitu haifi mpaka mtu aitoe, ama mashine izimwe."

Kuzima mashine hawakutaka. Ikizimwa, dishi lingehitaji fundi wa Nairobi kulifungua upya, na fundi yule alikuwa ameapa kutokanyaga Juba tena.

Semei akaandika amri ya kuiuliza semafo hali yake. Ikajibu: nafasi, sifuri. Wanaosubiri, mmoja.

Akageuka kuangalia vibanda. Simu zote mbili zilikuwa chini. Akasema ni mabaki tu ya siku ile, akaandika kwa mkono wake namba moja badala ya sifuri. Alipouliza tena, namba ilikuwa imekwisha kurudi sifuri, na wanaosubiri hakuna hata mmoja. Akadhani amekosea kuandika. Akaweka moja mara ya pili. Safari hii ikakaa. Taa zikageuka kijani, na Virginia akapiga makofi.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Teresa, muuza mboga wa soko la Custom. Alitaka kumsikia mama yake Yei. Alitoka kibandani mapema kuliko alivyopanga, akauliza kama kuna mtu alikuwa amesimama nyuma yake, kwa sababu mama yake alimuuliza yuko na mwanamke gani hapo. Virginia akamwambia ni kelele za dishi. Lakini siku iliyofuata mteja mwingine alisema hivyo hivyo, na mwingine tena. Wao hapa hawakusikia kitu. Waliosikia ni wale wa upande wa pili: mtu anahema karibu na simu, mtu anakohoa kidogo, mtu anayerudia neno la mwisho la kila sentensi kama anayejifunza.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya udongo uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha tangu Novemba. Asubuhi Virginia alipoinua simu kuipangusa, aliikuta ina joto, na sehemu ya mdomo ina unyevu.

Wafula, mwendesha boda kutoka Bungoma aliyempeleka Virginia kazini kila siku, alifanya mzaha mbele ya watu. "Mama Rita, mimi naongea na bibi yangu, kumbe tuko watatu. Sasa nikimdanganya niko kanisani, huyu wa tatu si atanisema?" Watu walicheka. Wafula naye alicheka, lakini hakuingia kibandani tena. Teresa hakucheka. Alisimama nje ya mlango na kapu lake, akasema polepole kwa Kiarabu cha Juba, "Fi zol juwa." Kuna mtu ndani. Akaenda zake.

Virginia na Semei hawakubishana juu ya ni nani. Waliamini Koang aliuawa siku ile na roho yake imebaki pale alipokatiziwa maneno. Virginia aliingia kibandani na Biblia, akasoma zaburi, kisha akainamia simu akasema kwa upole, "Koang, mwanangu, maliza uende ukapumzike." Harufu ya udongo tu ilizidi, mpaka akatoka akifunika pua.

Alasiri moja simu ya mezani ikalia, na aliyepiga alikuwa Koang.

"Madam, koti yangu bado iko?" aliuliza, kama aliyetoka dukani jana. "Ama Semei ameshaanza kuvaa?"

Virginia alikaa chini. Koang alimweleza kwamba yuko kambini kwa Umoja wa Mataifa, mguu wake uliumia lakini unapona, na dada yake Nyagoa yuko naye na anamgombeza kila siku. Alizungumza kwa furaha ya mtu aliyepata simu ya kuazima. Kisha akauliza jambo lingine.

"Yule mama aliyekuwa nyuma yangu, alipata kuongea?"

"Mama gani?"

"Siku ile. Alikuwa anagonga kibanda, hodi, hodi, mimi nikamwambia asubiri. Nilidhani ni wewe, sauti ilikuwa yako kabisa. Lakini kwa dirisha nilikuona nje, uko barabarani unatafuta boda."

Laini yake ikakatika. Virginia alimweleza Semei neno kwa neno, na Semei akasikiliza mikono yake ikiwa imesimama juu ya kibodi.

"Yule mmoja aliyekuwa anasubiri," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini sana. "Mama Rita, mimi ndiye nilimfungulia. Nilipoweka moja, aliichukua yeye. Halafu nikaweka nyingine. Tangu siku hiyo, mahali pa mtu mmoja wameingia wawili."

"Basi mtoe."

"Siwezi. Semafo inamzuia mtu mlangoni. Akishaingia haimgusi. Hata nikiifuta yote, wanaofukuzwa ni wale wanaosubiri nje. Aliye ndani anabaki mpaka atoke mwenyewe."

Nje pikipiki zilipita. Semei akasema imebaki njia moja, kuzima mashine na kulipoteza dishi, na Virginia akamwambia azime hata sasa hivi. Lakini Semei hakunyanyua mkono. Alisema isiwe wakati yule anaongea na mtu.

"Simu ina milango miwili," alinong'ona. "Huku, na kule kwa mwenzake. Nikimzimia akiwa kwenye maongezi, sijui atatokea mlango upi."

Akaiuliza mashine kama kuna simu yoyote iliyofunguliwa. Vibanda vilikuwa vitupu, benchi lilikuwa tupu, na mashine ikajibu kwamba ipo moja, na imekuwa wazi tangu asubuhi. Ikaonyesha namba iliyopigiwa. Virginia hakuhitaji kuisoma mpaka mwisho.

Aliingia kibandani akainua simu, na kwa kuwa mle ndani sasa mlikuwa na nafasi ya wawili, laini haikumwambia asubiri, ilimwingiza moja kwa moja katikati ya maongezi yaliyokuwa yakiendelea, na akasikia sauti yake mwenyewe, ile sauti anayoitumia nyumbani tu, ikimuuliza Rita kama amekula, ikikohoa kidogo kama anavyokohoa yeye kwa vumbi, na akasikia Rita akicheka, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu shule ilipofungwa.

"Leo nitarudi mapema," ilisema sauti. "Na akija mwingine baadaye, usimfungulie."

"Nitamjuaje, mama?"

"Atakuja amechelewa. Na atakuwa analia."

Virginia alifungua mdomo amwite mtoto wake, lakini kabla hajaita ile sauti ilinyamaza, na katika ule unyamavu alihisi pumzi yenye unyevu ikigeuka upande wake, ikijua kwamba yupo. Na Semei, aliyekuwa amesimama akimtazama usoni na kuona jinsi uso ule ulivyobadilika, alishikwa na hofu asingoje kuambiwa, akakimbilia kwenye betri za mashine, na ingawa Virginia aliinua mkono kumzuia, alizing'oa nyaya zote kwa mara moja.

Taa zikazimika. Dishi likaacha kunguruma. Harufu ya udongo ikaondoka palepale, kana kwamba mtu amepita nayo mlangoni, na vibanda vikawa mbao tu. Semei akasema asante Mungu, imekwisha. Virginia alikuwa ameshatoka mbio.

Alijaribu kumpigia Rita kwa simu yake ya mkononi akiwa nyuma ya Wafula kwenye boda, simu ikaita bila kupokelewa. Jua lilikuwa linashuka, na saa ya amri ya kutotembea usiku ilikuwa inakaribia, na watu wote wa Juba walikuwa barabarani wakirudi makwao kwa wakati mmoja, boda zikigusana, wanawake wakivuta watoto kwa mikono. Kizuizini askari waliwasimamisha. Walimuuliza anatoka wapi, anaenda wapi, kwa nini ana haraka, wakamwaga mkoba wake chini na kuanza kuchagua kitu kimoja kimoja. Wafula aliwatania kwa Kiarabu ili waachiwe upesi, nao walipendezwa na utani wake, wakataka mwingine. Virginia aliuma midomo. Alijiambia asilie. Alijiambia hivyo kizuizini, na katika ile njia nyembamba ya Munuki kati ya kuta za mabati, na alipoteremka kabla pikipiki haijasimama sawasawa.

Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa.

"Rita, fungua. Ni mama."

Ndala zikasikika zikija, zikasimama upande wa pili.

"Mama amesharudi," Rita alinong'ona. "Yuko hapa ndani."

Virginia aliweka viganja vyote viwili juu ya chuma. Kulikuwa na mambo mengi ya kumwambia, mambo ambayo mama na mtoto tu wanayajua, siku aliyozaliwa, jina la nyumbani ambalo hakuna mtu Juba aliyelijua, lakini alipoanza kuyataja alisikia Rita akishusha pumzi, akisema hayo yote ameshaambiwa, leo mchana kutwa wamekuwa wakiyazungumza kwenye simu.

"Na wewe unalia," Rita alisema.

"Silii, mwanangu." Alijipangusa kwa mkono wa gauni. "Silii."

Kutoka ndani ilikuja ile sauti, sauti yake mwenyewe, ya mtu aliyerudi kazini amechoka na ameridhika kuwa nyumbani. Ilimwambia Rita arudi akae, bado mstari mmoja tu wa nywele, asiache kichwa nusu. Kitana kiligonga kitu, labda ukingo wa kiti. Virginia aliwaza kwamba nafasi ni moja, na kwamba aliye ndani hatolewi, na kwamba aliye nje hana la kufanya ila kusubiri. Lakini mwisho wa njia taa za gari la askari zilikuwa zimegeuka kona na zinakuja taratibu, na Wafula alikuwa akimvuta nguo, akimsihi kwa mnong'ono wapande waondoke, kwa sababu wote wawili wangekutwa nje.

Hakuondoka. Alilaza sikio kwenye chuma. Upande wa pili, karibu kabisa, mtoto wake alikuwa anahema haraka haraka, na nyuma ya mtoto mtu alikuwa ameinuka kutoka kwenye kiti, na kwenye komeo kulikuwa na vidole vya mtoto ambavyo havikuwa vimeamua.

"Mama?" Rita aliita, polepole, bila kusema anamwita yupi.

Wote wawili wakaitika.