Uzi Mwekundu wa Jumba la Sanaa

Kila asubuhi kabla ya chai, Binti Fundi alikuwa na kazi yake moja isiyo na likizo. Alichukua mkasi mdogo, akavuta rundo la mashati yaliyoshonwa na baba yake jana, akapitisha vidole kwenye kila pindo. Uzi uliozidi aliukata. Ulioanza kufumuka aliufunga mafundo mawili akauficha ndani. Baba, fundi cherehani asiye na mchezo na kazi yake, alisema uzi unaoning'inia ni aibu ya fundi, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi vidole vya msichana huyo wa miaka kumi na miwili vilizoea kazi hiyo hata vikawa haviombi ruhusa.

Walikuwa wamehamia mjini wiki tatu tu zilizopita. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani, cha nyuma cha kulala. Shuleni wanafunzi hawakulishika jina lake, wakamwita Binti Fundi. Hilo halikumkera. Kilichomkera ni kwamba wakati wa mapumziko hakuna aliyemwita kwa jina lolote, mpaka alipotokea Redio, msichana wa dawati la mbele ambaye kinywa chake hakikuwa na swichi ya kuzimia. Redio alimwonyesha bomba lenye maji baridi, njia ya mkato ya kurudi nyumbani na walimu wa kuogopwa. Damu zao zikapatana. Kupata rafiki mmoja katika mji mzima wa watu usiowajua si jambo dogo.

Ijumaa hiyo darasa lao lilikwenda kutembelea jumba la sanaa ya kisasa. Mlangoni mwalimu aliwakumbusha kwamba vitu vya humo vinatazamwa kwa macho, si kwa mikono. Ndani walikuta kuta nyeupe na mambo ya kuwakunisha vichwa. Viti kumi na viwili vilikuwa vimegongomewa darini, miguu juu. Picha moja kubwa ilikuwa bluu tupu. Redio alisema hata yeye angeichora, tena kwa mkono wa kushoto, na papo hapo akanyoosha kidole kuigusa. Mlinzi mwenye koti la kijivu akamkemea. Mwalimu naye akamwonya kwamba akirudia atakaa kwenye benchi nje ya ukumbi wa kuchora, ambako kila mwanafunzi alikuwa ameandaliwa karatasi na rangi. Redio alikuwa akiisubiri saa hiyo tangu Jumatatu.

Chumba cha mwisho kilikuwa na kitambaa cheupe, kipana kama ukuta, kilichoshonwa chote kwa mkono. Binti Fundi alifurahi. Hapa hakuhitaji mtu wa kumweleza kitu, maana mishono aliijua. Kisha akaona kwenye pindo uzi mmoja mwekundu ukining'inia hadi karibu na sakafu. Masikini, akawaza, fundi amesahau. Wenzake walikuwa wameshatoka, na Redio alikuwa amempa mgongo akisoma maandishi ya ukutani. Vidole vikaenda vyenyewe: vikakutanisha uzi na pindo, mafundo mawili, ncha ikafichwa ndani. Binti Fundi akatoka akiwa ameridhika kabisa.

Binti Fundi na wenzake hawakufika mbali. Mlinzi aliwafuata amekunja uso, na Redio nyuma yake. Kumbe uzi ule ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe, na sasa haukuonekana. Redio, aliyekutwa peke yake mle chumbani, aliapa kwamba hakugusa kitu. Lakini nani angemwamini? Mwalimu alimpeleka kwenye benchi na kumwambia kwamba ziara ijayo atabaki shuleni. Redio alijibwaga pale. Alikaa akitazama viatu vyake.

Binti Fundi alitulia kama maji mtungini, ila ndani alipiga hesabu. Akisema, wenzake watamcheka, mgeni asiyejua kitu, na Redio hatamtaka tena. Asiposema, hakuna atakayejua. Akaingia ukumbini na wengine, akashika brashi, akaitazama karatasi yake asione pa kuanzia. Mwisho akaiweka brashi chini, akamwendea mwalimu.

"Mwalimu, si Redio. Ule uzi nimeufunga mimi."

"Umeufunga? Kwa nini?"

"Nilidhani fundi amesahau. Nyumbani hatuachi uzi ukining'inia."

Mwalimu akampeleka kwa msimamizi wa jumba, mama wa makamo mwenye miwani. Mama huyo alirudi nao kwenye kitambaa, akainama, akalitafuta fundo kwenye pindo asilione, akaanza kucheka. Alieleza kwamba msanii aliuacha uzi ule makusudi, ili kila anayepita awashwe na hamu ya kuumalizia.

"Miaka tisa watu wanawashwa," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kujikuna. Haya, mwanangu, lifungue mwenyewe."

Mlinzi akiwa amesimama kichwani pake, Binti Fundi alihangaika robo saa nzima, maana baba alimfundisha kufunga mafundo ya kudumu. Hatimaye uzi ukashuka, umejikunja kidogo lakini mzima.

Mwalimu alikwenda kwenye benchi na kumwomba Redio radhi mbele ya darasa zima, kwa kumhukumu bila kumsikiliza. Binti Fundi naye akaomba radhi. Redio alinuna dakika mbili nzima, na kwake huo ulikuwa muda mrefu sana. Kisha akauliza fundo gani hilo lililomshinda hata msimamizi, akasema lazima afundishwe. Wakaingia kuchora kwa muda uliobaki.

Jioni Binti Fundi alimsimulia baba yake yote. Baba aliuliza kwanza kama fundo lilikuwa safi, na aliposikia halikuonekana, akageuka upande kuficha tabasamu. Kisha akaliweka kando shati alilokuwa akishona.

"Umekosea kugusa cha watu bila kuuliza," alisema. "Siku nyingine uliza kwanza, hata kama unaona unasaidia. Lakini hilo ni kosa moja. Ungenyamaza yangekuwa mawili, na la pili angelibeba mwenzako. Ukweli una aibu ya siku moja, mwanangu. Aibu ya kumwachia mwenzako lawama ungelala nayo na kuamka nayo."

Binti Fundi aliitikia kwa kichwa. Aibu ya siku hiyo bado ilimchoma masikio, lakini moyo wake ulikuwa mweupe.