Chupa Tano za Gizani

Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, Judica alichovya karatasi ya kupimia kwenye chupa ya sita. Ikageuka waridi. Kasian, mwalimu mwenzake hapo Endagikot, Mbulu, alikaa chini kama mtu aliyeletewa habari za msiba, maana chupa ile ilikuwa ya gizani.

Kasian alikuwa amekwangua barafu na kuitia chumvi ya nitrati ili aigize theluji ya ncha ya dunia. Chupa tano alizianika uani kwao juu ya benchi, zimezungushiwa barafu. Tano nyingine alizifunga foili na kuziweka ndani ya friji ya mama yake ya kuuzia soda. Jua likiipiga theluji huivunja nitrati iwe nitriti, na karatasi hugeuka waridi. Gizani hakibadiliki kitu. Ripoti ya jaribio ilitakiwa Jumatatu, na bila chupa safi za gizani, nafasi ya masomo Norway aliyoiomba ilikuwa imekwisha.

Alimshuku Tadei, mwalimu mwingine aliyeomba nafasi hiyohiyo. Judica akapiga simu shuleni: Tadei alikuwa Babati tangu Jumanne, akisahihisha mitihani. Kasian akaulaumu umeme uliokatika Jumatano.

"Umeme ukikatika barafu inayeyuka tu," Judica alisema. "Ndani ya friji bado ni giza. Hizi zimeota jua."

Akatoka uani. Kwenye vumbi la benchi palikuwa na alama za duara kumi, si tano.

Genoveva, mama yake Kasian, alikuwa akichambua maharage. Judica alimwamkia shikamoo, akamwuliza. Mama hakukana. Alisema kila Kasian alipokwenda shule alizianika, azitoe vijidudu, kama mtu wa afya alivyowafundisha kuhusu maji ya kunywa. Kasian alishusha pumzi. Judica naye angependa kuishia hapo.

"Mama, maji ya kunywa yakishaota jua tunayamimina mtungini," alisema taratibu. "Haya uliyafunga tena foili, chupa moja moja, ukayarudisha kwenye friji kabla Kasian hajaja."

Mikono ya mama ikatulia juu ya ungo.

"Aliniambia mwenyewe kwamba jua ndilo linaloziharibu za gizani," alisema. "Baba yake amekufa. Dada yake, Eva, yuko Dar, simu yake ni ya Krismasi. Na huyu akienda, mwalimu, nitaongea na nani?"

Kasian hakugomba. Aliandika barua kuomba siku kumi zaidi, akapewa, akaandaa chupa nyingine kumi. Mama akaomba azilinde chupa mwenyewe, na kila mchana aliketi mbele ya friji, amejifunga shuka lake.

Siku ya kumi Kasian alimpa karatasi aichovye. Ilibaki nyeupe.

"Basi utaondoka," mama alisema.

"Nitaondoka, mama."

Judica, ambaye kwao ni Same na baridi ya Mbulu hajaizoea mpaka leo, alitazama pembeni. Mpweke humjua mpweke mwenzake. Jumapili ya kwanza baada ya Kasian kusafiri alipiga hodi, akavuta kigoda, akaanza kuchambua maharage.